Saa Nane ya Alhamisi: Jinsi Panchanga Inavyoigawa Siku

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wote, habari za mchana, na asanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na saa yenyewe tuliyokutania. Leo ni Alhamisi. Mwenyekiti aliponipigia simu wiki mbili zilizopita akaniambia, "Dada, tumekupangia saa nane mchana," nilinyamaza kidogo, naye akadhani nina safari. Sikuwa na safari, nilikuwa napiga hesabu ya panchanga, kalenda ya Kihindu. Siku hizi hapa Tanga jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuchwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ugawe mchana huo mafungu manane yaliyo sawa, kila fungu litakuwa la saa moja na nusu, na fungu la sita litaanza saa nane kamili. Kwa hesabu ya Wagujarati, ambao ndio watu wangu, fungu la sita la Alhamisi linaitwa Amrit, yaani maji ya uzima, na hakuna fungu jema kulishinda. Kwa hesabu ya Watamil wa kusini mwa India, fungu hilohilo, kuanzia dakika yake ya kwanza hadi ya mwisho, ni Rahukala, wakati ambao mtu hafungui duka jipya, hatii saini mkataba, wala haanzi safari.

Nikamjibu mwenyekiti kwamba saa nane ni sawa kabisa. Ubishi huo wa Wagujarati na Watamil nitaurudia, kwa sababu umenifundisha mengi. Lakini nitangulize duka.

Mimi nimezaliwa na kulelewa mji huu, juu ya duka la babu yangu. Nyuma ya meza ya fedha palining'inia kalenda ya kuchana, ile nene kama tofali, karatasi moja kwa kila siku. Ililetwa kutoka Gujarat kila mwaka na ndugu aliyekwenda kutembea. Kila karatasi ilikuwa na tarehe ya Kizungu kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo ya Kigujarati, mambo yaliyomhusu bibi yangu, tuliyemwita Ba: jua linachomoza saa ngapi, mwezi una umri gani, uko kwenye nyota gani, na mafungu ya siku yamepangwaje.

Babu alikuwa na lori la kupeleka bidhaa Korogwe na Lushoto. Dereva alikuwa mzee wa Kidigo, Mwislamu aliyeshika dini yake. Siku ya Jumatatu, kama shehena haikuwa tayari kabla ya saa mbili, lori halikuondoka mpaka saa tatu na nusu. Fungu la kwanza la Jumatatu ni Amrit, la pili ni Kaal, ambalo ni baya, la tatu ni Shubh, yaani heri. Mzee yule alikaa barazani na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata. Mara kwa mara aliinua kichwa akauliza, "Bibi, imepita?" Ba alitazama kalenda, kisha saa ya ukutani, kisha akaongeza hesabu yake mwenyewe kichwani. "Bado dakika kumi, baba." Sikuwahi kumsikia mzee akilalamika. Yeye mwenyewe alikuwa na siku zake ambazo hakupenda kusafiri, na Ba naye hakumlazimisha.

Ile hesabu aliyoiongeza Ba kichwani ndiyo iliyonifanya nisome habari hizi miaka yote. Alikuwa akijiambia: karatasi hii inazungumzia jua la kule, mimi niko hapa.

Neno panchanga maana yake ni viungo vitano. Kitabu hicho, au kalenda hiyo, hukupa mambo matano ya kila siku: siku ya wiki, tithi ambayo ni umri wa mwezi, nakshatra ambayo ni kituo cha mwezi kati ya vituo 27 vya angani, kisha yoga na karana, ambazo ni hesabu zinazotokana na mwendo wa jua na mwezi pamoja. Yoga nitaipita. Karana ni nusu ya tithi, na inatosha mjue kwamba moja yake, iitwayo Vishti au Bhadra, ndiyo inayowafanya akina dada wasubiri kuwafunga kaka zao uzi mkononi siku ya Raksha Bandhan. Kila mwaka Bhadra ikiangukia asubuhi ya siku hiyo, simu za ndugu hazinyamazi: imekwisha? Tufunge sasa?

Sasa siku. Siku ya Kihindu huanza jua linapochomoza, na huisha jua linapochomoza tena. Humo ndani mna ghati 60, kila ghati dakika 24. Na hapa, ndugu zangu, sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hawana. Mtu wa Gujarat wa zamani akikwambia jambo limetokea ghati tano baada ya jua kuchomoza, amekwambia saa mbili tangu mapambazuko. Mswahili anasema hivyohivyo: saa mbili asubuhi. Ghati kumi na tano ni saa sita, jua la utosini. Ghati thelathini ni saa kumi na mbili jioni. Hatuna haja ya kufafanuliwa. Mzungu anasema ni saa nane, na ukimuuliza nane tangu nini, jibu ni tangu usiku wa manane, wakati ambao hakuna chochote angani cha kukuonyesha kwamba kuna kitu kimeanza.

Ila tunatofautiana pahali pamoja. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa saa tisa za usiku wa kuamkia Ijumaa. Cheti chake kimeandikwa Ijumaa, kwa sababu serikali huanza siku saa sita ya usiku. Jirani yetu aliyemsaidia mama alisema mtoto ni wa Ijumaa tangu magharibi, kwa kuwa kwa Waislamu usiku hutangulia mchana. Ba akasema hapana, jua bado halijachomoza, mtoto huyu ni wa Guruvar, Alhamisi. Katika mtaa ule mmoja siku ilikuwa ikianza mara tatu, na hakuna aliyemwona mwenzake mjinga. Mdogo wangu alikua akijua kwamba ana siku mbili, na alidai zawadi zote mbili.

Turudi kwenye ghati. Ghati imegawanywa pala 60, kila pala sekunde 24. Na pala ina pumzi sita. Pumzi, yaani prana: mtu aliyetulia akivuta hewa na kuitoa, hesabu yake ni sekunde nne. Jaribuni sasa hivi, mtaona haiko mbali. Zidisheni pumzi sita kwa pala 60 kwa ghati 60, mtapata pumzi 21,600 kwa siku nzima. Na duara la mbingu lina nyuzi 360, kila uzi una dakika 60, jumla dakika 21,600. Maana yake, kila unapovuta pumzi na kuitoa, mbingu inakuwa imezunguka kwa dakika moja ya uzi. Wanajimu wa Kihindi wa kale waliipanga hivyo kwa makusudi. Nilipoielewa mara ya kwanza nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, na niliweka kalamu chini nikakaa kimya.

Ghati ilipimwa kwa maji. Bakuli la shaba lenye tundu dogo chini liliwekwa lielee juu ya maji kwenye chombo kikubwa. Maji yalipenya kidogokidogo, na bakuli lilipozama, ghati moja ilikuwa imekwisha. Mtu wa zamu alipiga sahani nene ya shaba, akalimwaga maji bakuli lile na kulielesha tena, mara 60 kwa siku. Babur, aliyeshinda vita vya Panipat mwaka 1526 na kuanzisha dola ya Mughal, aliandika habari za wapiga sahani hao katika kumbukumbu zake. Siku na usiku viligawanywa pia mafungu makubwa manane yaitwayo prahari, na wapigaji walipiga idadi ya ghati tu, kisha prahari ilipokwisha ndipo wakaitangaza. Babur aliona kasoro: mtu akizinduka usiku, akasikia milio mitatu, atajuaje ni ghati ya tatu ya prahari ipi? Akaamuru kwamba usiku, na siku za mawingu, kila baada ya milio ya ghati upigwe na mlio wa prahari. Nampenda mfalme huyo kwa sababu hiyo. Aliyewahi kuzinduka usiku asijue kama kumekaribia kucha anajua alichokuwa anakitafuta.

Ghati mbili ni muhurta moja, dakika 48, na siku ina muhurta 30. Neno muhurta ndilo lililokuja kumaanisha pia wakati mwema uliochaguliwa kwa jambo fulani. Katika muhurta zote 30, Ba alizishika mbili. Ya kwanza ni Brahma muhurta, inayoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kuisha dakika 48 kabla. Hapa Tanga adhana ya alfajiri huangukia humo ndani, na ilimkuta Ba ameshaoga, ameshawasha taa ya samli. Mwadhini na bibi yangu hawakuwahi kuzungumza, nijuavyo mimi, lakini waliamka pamoja kwa miaka zaidi ya 40. Ya pili ni Abhijit, iliyo katikati kabisa ya mchana, dakika 24 kabla ya jua kufika utosini na dakika 24 baada yake. Hiyo ndiyo kimbilio: ukikosa wakati mwema kokote, isipokuwa Jumatano ambayo wengi huiepuka, anza jambo lako Abhijit.

Sasa nataka mwangalie jambo moja katika yote niliyosema. Kabla ya jua kuchomoza. Katikati ya mchana. Jua lipi? Mchana wa wapi? Hakuna hata moja ya nyakati hizi unayoweza kuitaja bila kwanza kusema umesimama wapi. Wanajimu wa India walifanya hesabu zao kwa mstari unaopita mji wa Ujjain, kisha wakawa na hatua maalumu ya kurekebisha kwa kila mji mwingine, iitwayo deshantara, tofauti ya mahali. Mtu asiyeifanya hatua hiyo ana hesabu ya Ujjain tu.

Ukienda Jaipur leo, utaiona Jantar Mantar, uwanja wa vipimo vya nyota aliojenga mfalme Sawai Jai Singh wa Pili, uliokamilika mwaka 1734. Humo mna saa ya kivuli ya mawe kubwa kuliko zote za namna hiyo duniani, jengo la mawe na chokaa lenye kimo cha mita 27, na ukikaa karibu unakiona kivuli kikitembea, karibu milimita moja kwa kila sekunde. Lakini saa ile ya mawe haikubaliani na saa ya mkononi mwako. Wastani wa tofauti ni dakika 27. Saa za India nzima zimefungwa kwenye mstari wa nyuzi 82 na nusu mashariki, na Jaipur iko magharibi ya mstari huo. Jengo linasema saa ya Jaipur. Simu yako inasema saa ya serikali. Ukitaka kujua jua liko wapi juu ya kichwa chako pale ulipo, uliamini jengo.

Na sisi tunalijua hili vizuri, hasa wenzetu Waislamu. Nani hapa atafuturu Tanga kwa ratiba ya Kigoma? Kigoma jua huchwa karibu dakika 40 baada ya huku, ingawa saa za mikononi ni zilezile. Ratiba ya sala huandikwa jina la mji juu kabisa. Panchanga nayo hivyohivyo.

Mfano mzito zaidi ni Diwali ya mwaka 2024. Tithi ni wakati ambao mwezi unalitangulia jua kwa nyuzi 12. Kwa kuwa mwezi haukimbii mwendo mmoja, tithi yaweza kuwa ya saa 19 au ikavuka 26, na huanza na kuisha saa yoyote, mchana au usiku. Diwali huangukia tithi ya amavasya, usiku wa kiza mwezi unapofichika, na puja, yaani ibada, ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, hufanywa jioni baada ya jua kuchwa. Mwaka ule amavasya ilianza tarehe 31 Oktoba muda mfupi kabla ya saa kumi alasiri, saa za India, na ikaisha kesho yake, tarehe 1 Novemba, saa kumi na mbili na robo jioni. Ahmedabad na Mumbai jua la tarehe 1 lilikuwa limeshakuchwa dakika chache kabla. Basi jioni ya tarehe 31 ilikuwa na amavasya, na jioni ya tarehe 1 nayo iliigusa kidogo. Mapandit, wataalamu wa dini, wakagawanyika. Wa Varanasi wengi walisema tarehe 31, wengine wakasema tarehe 1, na familia moja iliweza kuwasha taa siku mbili tofauti.

Watu wa hapa walinipigia simu wakiuliza, "Tufuate wepi?" Nikawaambia wapunguze saa mbili na nusu. Amavasya inaisha kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini wakati huo kwetu ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri ya tarehe 1, jua likingali juu linaunguza mabati. Jioni yetu ya tarehe 1 haikuwa na amavasya hata chembe. Jioni iliyokuwa nayo ilikuwa ya tarehe 31 peke yake. Tulikuwa tumeazima ugomvi wa watu wengine, na dakika chache za kutoa zingetuondolea.

Usiku ule wa Diwali ndio wafanyabiashara wa Kigujarati hufanya chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Kitabu kipya chenye jalada jekundu hufunguliwa katika fungu jema, na juu ya ukurasa wa kwanza huandikwa Shubh na Labh, heri na faida. Maneno hayo mawili ni majina ya mafungu ya siku. Kisha maduka hufungwa, na wengi hufungua tena siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham. Mwambao huu umelijua jambo hilo tangu zamani. Wakachi na Wagujarati walikuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, na katika miaka ya 1830 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa Kachi, ilikodishwa ushuru wa forodha ya Zanzibar na Sayyid Said. Vitabu vya nyumba kama hizo vilifunguliwa kwa muhurta.

Niseme sasa mafungu yenyewe, chogadia, kwa kuwa yana ufundi ambao kalenda haiuelezi. Majina ni saba: Udveg ambalo ni wasiwasi, Chal ambalo ni mwendo, Labh faida, Amrit maji ya uzima, Kaal ambalo ni kifo na pia wakati wenyewe, Shubh heri, na Rog maradhi. Amrit, Shubh na Labh ni mema. Chal inafaa kwa safari. Yaliyobaki huepukwa. Mchana una mafungu manane na usiku manane, na kwa kuwa majina ni saba, kila mchana fungu la mwisho hurudia jina la kwanza.

Kila jina lina nyota yake. Udveg ni ya Jua, Chal ya Zuhura, Labh ya Utaridi, Amrit ya Mwezi, Kaal ya Zohali, Shubh ya Mshtarii, Rog ya Mirihi. Fungu la kwanza la kila siku ni la nyota inayomiliki siku hiyo. Jumapili ni ya Jua, Jumatatu ya Mwezi, Jumanne ya Mirihi, Jumatano ya Utaridi, Alhamisi ya Mshtarii, Ijumaa ya Zuhura, Jumamosi ya Zohali. Na kwa nini siku zifuatane hivyo? Zamani kila saa moja kati ya 24 ilipewa nyota yake, kwa mfuatano uleule niliowatajia: Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zohali, Mshtarii, Mirihi, kisha tena. Saa 24 ni mizunguko mitatu ya saba, na saa tatu zinabaki. Anza na Jua, ruka hatua tatu, saa ya kwanza ya kesho inamwangukia Mwezi. Ruka tatu tena, Mirihi. Wiki nzima imefichwa humo, na walimu wa falaki wa pwani hii wanazijua nyota hizo saba kwa majina haya haya ya Kiswahili niliyoyatumia.

Rahukala ni hesabu nyingine. Huchukua fungu moja tu kati ya manane ya mchana: Jumatatu la pili, Jumamosi la tatu, Ijumaa la nne, Jumatano la tano, Alhamisi la sita, Jumanne la saba, Jumapili la nane. Linganisheni na chogadia. Jumatatu, fungu la pili ni Kaal, mbaya kwa wote. Ijumaa, la nne ni Kaal, wanakubaliana. Jumatano, la tano ni Rog. Lakini Alhamisi fungu la sita ni Amrit, na hapo ndipo Mgujarati anafungua duka wakati jirani yake Mtamil anafunga mlango.

Niliwahi kumuuliza Ba kuhusu hilo. Hakunijibu kwa hesabu, alinisimulia kisa. Miungu na majitu waliisukasuka bahari wakapata amrita, maji ya uzima. Jitu moja likajipenyeza kwenye safu ya miungu likanywa. Jua na Mwezi wakaliona, wakamwambia mungu Vishnu, naye akalikata kichwa, lakini tone lilikuwa limeshapita kooni. Kichwa hakikufa. Kichwa hicho ndicho Rahu, anayelimeza jua na mwezi siku za kupatwa. "Kwa hiyo," Ba akasema, "unashangaa nini Rahu kukutwa kwenye Amrit? Aliinywa." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, na sijayatafuta.

Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, wengi wa watu wetu waliishia Leicester, Uingereza. Shangazi yangu mmoja akiwamo. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana, kwa hiyo chogadia ni saa moja na nusu mwaka mzima, na mtu akizoea huihifadhi kichwani. Leicester mwezi wa Desemba mchana mzima haufiki saa nane, kwa hiyo fungu moja ni chini ya saa moja. Mwezi wa Juni mchana unapita saa 16, na fungu moja linavuka saa mbili. Shangazi aliandika barua kwamba majira ya baridi Kaal inapita kabla hajamaliza chai, na kiangazi anaisubiri mpaka anachoka. Barua yake ilikuwa ya masikitiko, na niliielewa. Alikuwa ameondoka na jedwali lake la Kampala, na jua halikuwa lile.

Mtaniuliza kama naamini. Siwezi kusimama mbele yenu niseme Zohali inalitazama lori la babu yangu. Sina ushahidi huo. Ninachokiamini ni kwamba mtu aliyetakiwa kutazama jua kabla ya kuanza jambo kubwa amelipa jambo lile heshima, na amejipa nafasi ya kulifikiri tena. Na nina hasira, naisema wazi, na wanaouza hofu kwa jina la panchanga. Binamu yangu aliwahi kulipa fedha nyingi kwa mtu aliyejiita mtaalamu, akaambiwa mwaka wake wote ni wa nuksi mpaka anunue kinga. Ba hakutoza mtu hata senti kumwambia saa, na hakumwambia mtu yeyote kwamba mwaka wake umeharibika.

Asubuhi moja ya Jumanne babu alishikwa na maumivu ya kifua. Fungu la kwanza la Jumanne ni Rog, maradhi. Nilikuwa binti wa miaka 13, na niliitazama kalenda. Ba hakuitazama. Alimwita dereva, akasema, "Baba, washa gari," wakaondoka wakiwa na kanga begani na viatu mkononi. Babu aliishi miaka tisa baada ya hapo. Baadaye nilimuuliza mbona hakusubiri. Akaniambia chogadia ni ya jambo unaloanza kwa hiari yako. Ugonjwa haukuomba muhurta ulipokuja, kwa hiyo na wewe usiuombe unapokwenda kuutibu.

Jambo la mwisho. Kabla ya kila ibada pandit hutamka sankalpa, nia. Hutaja enzi ya ulimwengu tuliyomo, kisha bara, nchi, mwaka, majira, mwezi, nusu ya mwezi, tithi, siku ya wiki, nakshatra, na mwisho jina la mtu aliyeketi mbele yake. Ni anwani ndefu, ya wakati na mahali kwa pamoja. Kwenye harusi yangu, maharaj, yaani pandit, aliyekuja kutoka Gujarat alianza kutaja nchi ya Bharat kama alivyozoea. Ba akamkatiza kwa adabu, akamwambia, "Maharaj, hapa ni Tanga, ukingoni mwa Bahari ya Hindi." Akarudi nyuma, akaitamka tena, safari hii ikiwa na jina la mji wetu katikati ya Kisanskriti.

Saa yangu inaonyesha saa nane na nusu. Kalenda zilizochapishwa zinakisia jua la saa kumi na mbili kamili, na zitawaambia fungu hili liishe saa tisa. Kwa jua la Tanga tunalo mpaka saa tisa na nusu. Kama una swali, inua mkono.